AMANA ILIYOFICHIKA NDANI YA CHUMA

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeitandika ardhi kwa ajili ya waja wake, akaweka ndani yake hazina za madini, kisha akampa mwanadamu akili ya kuzitambua na mikono ya kuzifanyia kazi. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Tumeitanguliza siri kwa makusudi, kwani mazungumzo yetu ya leo yanahusu kazi ambayo wema wake na ubaya wake hufichika mahali pasipofikiwa na macho ya watu. Nayo ni kazi ya chuma: kukijua, kukipasha moto, kukifua, kukikata na kukiunga.

Huenda wako miongoni mwenu watakaouliza, mimbari ya Ijumaa ina uhusiano gani na nyundo na tupa? Ndugu zetu, uhusiano huo haukuanza kwetu sisi. Katika Qur'ani Tukufu imo sura nzima iliyopewa jina la chuma, Suratul Hadid, na katika aya yake ya 25 Mola wetu anatueleza kwamba chuma kina nguvu kali na kina manufaa kwa watu. Katika Suratul Kahf tunasoma habari za Dhulqarnain, jinsi alivyotaka aletewe vipande vya chuma, akaamuru wavukute mpaka vikawa kama moto, kisha akavimiminia shaba iliyoyeyuka, ukapatikana ukuta usiopandika wala kutobolewa. Na katika Suratu Saba, aya ya 10 na ya 11, tunasimuliwa juu ya Nabii Daudi, amani iwe juu yake, aliyelainishiwa chuma na Mola wake na akaamrishwa atengeneze mavazi ya vita.

Hebu tuitazame vizuri amri hiyo aliyopewa Nabii Daudi. Hakuambiwa atengeneze tu. Aliambiwa azipime sawasawa pete za deraya anazoziunganisha. Kisha akaamrishwa yeye na watu wake watende mema. Kisha aya ikamalizika kwa kuwakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu anayaona yote wanayoyatenda. Hapo yamekusanywa mambo matatu ya fundi: kipimo, wema, na kujua kwamba anaonekana. Deraya ni pete mamia kwa mamia. Mvaaji hawezi kuikagua kila moja, naye huivaa akaenda kukabili upanga kwa kumwamini aliyeitengeneza. Pete moja ikiwa dhaifu, mkuki hupita hapo hapo, na wala haumpati fundi. Humpata yule aliyemwamini.

Ndugu Waislamu, zamani Waarabu wa zama za ujahili waliwadharau wahunzi, wakaona kazi ya moshi na masizi haimfai mtu wa heshima. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwa na dharau hiyo. Khabbab bin Al-Aratt, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu, alikuwa mhunzi mjini Makka. Alimfanyia kazi mtu mmoja katika wakubwa wa Kikureshi, Al-As bin Wail, na alipokwenda kudai ujira wake akaambiwa hatolipwa mpaka amkanushe Muhammad. Khabbab akakataa katakata. Kwa sababu ya deni hilo la mhunzi ziliteremka aya katika Suratu Maryam. Na huko Madina, Mtume alipojaliwa mtoto wake Ibrahim, alimpeleka kunyonyeshwa katika nyumba ya mhunzi aitwaye Abu Saif. Sahaba Anas bin Malik anasimulia kwamba Mtume alikuwa akienda kumtazama mwanawe huko; na siku moja walipokaribia, nyumba ilikuwa imejaa moshi kwa sababu Abu Saif alikuwa akivukuta, basi Anas akatangulia mbio kumwambia aache kidogo, Mtume amefika. Mtume akaingia katika nyumba hiyo ya moshi, akamwita mwanawe, akamkumbatia. Ni nani basi katika sisi atakayesema kwamba karakana ni mahali pa watu duni?

Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ngeni katika nchi zetu, ikatufikia ndani ya meli pamoja na mashine. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee wetu waliyeyusha chuma tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa wakiikumbuka kazi ya ujana wao walijenga upya tanuri mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery. Walichoma matete ya kinamasini ndani ya shimo la tanuri, wakapanga makaa na mawe ya mtapo, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla haijafika kwenye makaa. Mwaka 1978 wataalamu hao waliandika kwamba kilichopatikana kilikuwa ni chuma cha pua. Huko Ufipa yalijengwa matanuri marefu kuliko kimo cha mtu, yaliyojivutia hewa yenyewe bila ya mivukuto, kisha chuma kikasafishwa mara ya pili katika tanuri dogo. Huko Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na chuma cha Upare kilipelekwa mpaka Uchagani. Ama pwani yetu hii, mwanajiografia Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, alikitaja chuma miongoni mwa mali za Malindi na Mombasa. Ikiwa leo mtoto wa mwambao anaona haya kushika nyundo, basi anaona haya kwa jambo ambalo babu zake walisifika kwalo.

Sasa natuulize: elimu hiyo ni ipi hasa? Kwani wengi wetu tunadhani fundi wa chuma ni mtu mwenye nguvu za mkono na mashine ya kuchomelea, na kwamba mengine yatakuja yenyewe.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba vyuma havifanani, ijapokuwa rangi yao ni moja. Kinachovitofautisha zaidi ni kaboni, nayo ndiyo asili ya makaa. Katika kilo 1,000 za chuma laini cha madirisha na mageti, kaboni yake kwa kawaida haizidi kilo 2 au 3. Katika kilo 1,000 za chuma cha tindo, kaboni hufika kilo 7 hadi 9. Na ikizidi kilo 20, tunapata chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa katika kalibu, ambacho huubeba uzito mkubwa lakini kikipigwa nyundo hupasuka kama chungu. Tazameni jinsi kitu kidogo namna hiyo kinavyoigeuza tabia ya kitu kikubwa.

Jambo la pili ni moto. Chuma cha tindo kikipashwa mpaka kikawa chekundu, kisha kikatumbukizwa majini ghafula, huwa kigumu hata tupa haikishiki, huteleza juu yake. Lakini ugumu huo una aibu yake, kwani kikianguka sakafuni huweza kuvunjika. Basi fundi hukisafisha king'ae, akakirudishia moto polepole, huku akizitazama rangi zinazotambaa juu ya uso wake. Kwanza huja rangi ya majani makavu, karibu na nyuzi 230 za Selsiasi. Kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha samawati karibu na nyuzi 300. Makali ya kukatia huachwa kwenye rangi za mwanzo. Springi huachwa kwenye samawati ili iweze kupinda na kurudi. Mwenye kuzijua rangi hizi hutengeneza tindo la kumtumikia miaka. Asiyezijua hutengeneza tindo litakalomrukia kipande machoni.

Jambo la tatu ni kukitambua chuma kabla ya kukigusa. Chuma kilichopashwa mpaka nyuzi 770 hakivutwi tena na sumaku, na wahunzi wengi huitumia alama hiyo kujua kwamba wamekaribia joto la kukitia ugumu. Chuma laini kikiguswa kwenye gurudumu la kunolea hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama nyota. Na chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu. Anayejua haya hawezi kuichukua springi ya gari akaichomelea kwa pupa kama anavyochomelea dirisha, kwani anajua kwamba chuma hicho, kikipoa haraka, huwa kikavu pembeni mwa kiungo na hukatika hapo hapo, pengine gari likiwa safarini na limejaa watu.

Ndugu zetu katika imani, tumeyataja haya kwa urefu kwa sababu tuna kisa cha kukusimulieni, nacho ni cha kwetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita sisi, waangalizi wa msikiti mmoja wa mtaani, tuliazimia kujenga mnara wa chuma wa kuwekea tangi la maji ya kutawadhia. Tangi lenyewe lilikuwa la lita 2,000, yaani uzito wa kilo 2,000 za maji, mbali na tangi. Walikuja mafundi wawili. Mmoja alitaja bei iliyotushtua, akaeleza kwamba atanunua vyuma vipya na kazi itamchukua siku tisa. Wa pili, kijana wa mtaa wetu, alitaja bei iliyokaribia nusu yake, na muda wa siku tatu. Tukamchagua kijana. Hatukumwuliza alijifunza wapi. Hatukuuliza vyuma amevitoa wapi. Tulifurahi kwamba tumeiokoa mali ya msikiti.

Mnara ukasimama, ukapakwa rangi ya kijani, ukapendeza. Mwezi wa tatu, alasiri moja ya upepo mkali wa kusi, kiungo cha mguu mmoja kiliachia. Tangi likaanguka upande wa birika, na mzee mmoja aliyekuwa akitawadha akavunjika mguu. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba wengine walikuwa bado hawajafika. Mzee huyo mpaka hii leo huswali akiwa ameketi kitini.

Tulimwita fundi mzee, aliyefanya kazi ya chuma umri wake wote katika karakana za bandari. Hakusema neno. Alichukua msumeno, akakikata kimoja katika viungo vilivyosalia, akakiweka mbele yetu. Nje palikuwa laini, pameparuzwa vizuri na kupakwa rangi. Ndani palikuwa peusi, pana matundu kama sifongo, na vyuma viwili vilikuwa vimeshikana kwa ngozi nyembamba ya juu tu. Akatueleza: kijana alichomelea juu ya kutu na rangi ya zamani bila kusafisha, vijiti vyake vya kuchomelea vilikuwa vimekula unyevu, umeme aliouweka haukutosha kuyeyusha kitako cha kiungo, na alipoona sura mbaya, akaisawazisha kwa mashine na kuifunika kwa rangi. Kijana alikuwa amesimama hapo, analia. Akasema, "Wallahi, mimi niliona kinang'aa, nikadhani kimeshika."

Ndugu zetu, kijana yule hakuwa mwizi wala mwovu. Alikuwa mtoto mwema, mwenye kuhudhuria swala, aliyejifunza kazi kwa kuchungulia juu ya mabega ya wengine. Kosa lake lilikuwa kujitwika kazi asiyoijua. Nasi kosa letu lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa tulipenda rahisi na hatukutaka kujua.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita siku moja sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikagusa umajimaji. Akamwuliza mwenyewe, naye akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuiweka ile yenye maji juu ili watu waione, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi si katika umma wake. Imamu Muslim ameipokea hadithi hiyo. Kiungo kile cha mnara wetu, na rundo lile la nafaka, ni kitu kimoja: kizuri kimewekwa juu, kibovu kimefichwa chini. Tofauti ni kwamba katika nafaka mkono huingia. Katika chuma mkono hauingii. Baada ya rangi kukauka, anayekijua kilichomo ndani ni fundi na Mola wake tu. Na hiyo ndiyo maana ya aya ile aliyosomewa Nabii Daudi, kwamba Mwenyezi Mungu anayaona mnayoyatenda.

Mtume ametufundisha pia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba anayejitia kutibu watu hali hakujulikana kuwa na elimu ya utabibu, yeye ndiye mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Hadithi hiyo imetajwa kwa utabibu, nasi tunaona funzo lake linamgusa kila anayeshika kazi ambayo roho za watu zinaitegemea. Mwenye kuchomelea ngazi ya skuli, kitanda cha hospitali, tela la lori au mnara wa maji amezishika roho za watu mkononi mwake.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi. Mwombeni msamaha, kwani Yeye ndiye Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu mwaminifu.

Enyi Waislamu, na enyi wasikilizaji wetu mnaotusikia mkiwa majumbani na makazini, natumalizie kisa chetu, kwa maana mwisho wake una mafunzo kuliko mwanzo wake.

Baadhi yetu tulitaka kijana yule afukuzwe mtaani. Tukaenda kumtazama mzee hospitalini, tukamwambia shauri letu. Mzee akasema, "Huyu amenivunja mguu kwa kutojua. Mkimfukuza hali hajui, atakwenda kuvunja wa mtu mwingine. Mfundisheni." Tukaona haya. Tukachanga ada, na yule fundi mzee akakubali kumpokea kijana katika karakana yake ndogo, kisha baadaye akaenda chuoni.

Kijana alitarajia kwamba siku ya kwanza atapewa mashine ya kuchomelea. Akapewa tupa, na kipande cha chuma laini kilichobanwa katika jiliwa. Akaambiwa akifanye kiwe mraba, kila pembe sawasawa. Kila akimaliza, mzee huchukua kipimo cha pembe, kile mafundi wakiitacho skwea, akakiweka juu ya chuma na kukiinua kuelekea dirishani. Mwangaza ukipenya baina ya kipimo na chuma, kazi hurudiwa. Wiki mbili alikuwa na tupa tu. Viganja vikatoka malengelenge, na moyo ukataka kukimbia. Lakini siku mwangaza ulipokataa kupita, alijua kitu ambacho hapo kabla hakuwa nacho, yaani tofauti baina ya sawa na karibu na sawa. Kisha akafundishwa kupima na kuchora alama, kukata kwa msumeno, kutoboa kwa kekee, kufua kwenye fuawe, kutia ugumu na kuurudisha. Kuchomelea kulikuja mwisho, na kila kiungo alichokiunga kwa muda wa mwezi mzima kilikatwa katikati ili akitazame ndani.

Akafundishwa pia kujilinda, na sisi tunalikariri hapa kwa ajili ya vijana wetu wote, kwa kuwa dini yetu imekataza mtu kudhuriwa na kudhuru. Mwanga wa cheche ya umeme huyaunguza macho, na maumivu yake huja usiku kama mchanga uliotiwa machoni. Basi asichomelee mtu, wala asisimame karibu akatazama, bila ya kioo cheusi kinachofaa. Bati na bomba zilizopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa. Basi zinki iparuzwe kwanza, na kazi ifanywe penye hewa. Pipa lililokuwa na petroli, hata likiwa tupu, ndani yake mna mvuke unaoweza kuripuka. Lisiguswe na moto mpaka lisafishwe na anayejua. Na mtungi wa oksijeni usipakwe mafuta wala grisi katika koki yake. Kijana hodari si yule asiyevaa miwani. Macho ni amana pia, na mtu ataulizwa aliyapoteza kwa jambo gani.

Mwaka mmoja na nusu ulipopita, mnara ulijengwa upya, na aliyeujenga ni kijana yule yule, mzee wake akimsimamia. Kabla ya tangi kupandishwa, walipakia juu yake mifuko ya mchanga kilo 3,000, wakaiacha siku tatu. Na yule mzee aliyevunjika mguu aliletwa na wajukuu wake akakaa kwenye baraza kutazama. Mnara huo umesimama, na maji yake ndiyo tunayotawadhia.

Ndugu Waislamu, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyau Ulumiddin kwamba misingi ya kazi za mikono ambazo maisha ya watu hayasimami bila yake ni katika fardhi za kutosheleza. Maana yake ni kwamba wakiwapo wa kutosha wenye kuzijua, wengine wamesamehewa. Na wasipokuwapo, dhambi ni ya wote. Basi na tujiulize kila mtu katika mtaa wake: wako wangapi wanaojua kwa yakini kilichomo ndani ya kiungo wanachokiunga?

Wazee wetu wa mwambao walilifikiri jambo hili. Taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojengwa Mombasa, kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na serikali ya wakati ule, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa ajili ya kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Ikakua, ikafungua milango kwa wote, ikawa Politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu cha ufundi. Tanzania nayo ilianzisha SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi stadi. Milango ipo. Kinachotakiwa ni sisi kuacha kuwapeleka huko wale tu tuliowakatia tamaa darasani. Tumpeleke na mtoto mwenye akili nzuri ya hesabu, kwa sababu moto na kipimo vinaitaka akili hiyo. Wala tusimzuie binti mwenye kupenda kazi hii akipata mahali pa stara na mwalimu mwaminifu.

Wazazi, msiwaondoe watoto wenu kwa mafundi kabla hawajaiva kwa tamaa ya ujira wa haraka. Mafundi, msiwafiche wanafunzi wenu siri za kazi mkihofu watakunyang'anyeni wateja; riziki imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na elimu mtakayoiacha itakuwa sadaka yenye kuendelea baada yenu. Vijana, msione haya kusema "sijui" mbele ya kazi msiyoiweza. Neno hilo lingeuokoa mguu wa mzee wetu. Na sisi wenye kuagiza kazi, tuulize kabla ya kupatana bei, na tumlipe fundi mwaminifu haki yake kamili kabla jasho lake halijakauka. Anayemkaba fundi kwa bei mpaka akalazimika kununua chakavu, naye ana sehemu yake katika kitakachoanguka.

Mtume wetu ametuambia kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu alichokipata kwa kazi ya mikono yake, na akamtaja Nabii Daudi kuwa ndivyo alivyokuwa akila, ijapokuwa alikuwa mfalme. Basi na tuifuate njia hiyo.

Ewe Mola wetu, tunakuomba uwanufaishe vijana wetu kwa elimu, uwape subira ya kujifunza na uaminifu katika yale yasiyoonekana na watu. Ewe Mola wetu, yalinde macho yao na mikono yao, na uzilinde roho za wanaoitegemea kazi yao. Waponye wagonjwa wetu, uwarehemu wazee wetu waliotutangulia, na utusamehe pale tulipopenda rahisi tukawadhuru wengine. Tujaalie amani katika nchi zetu na baraka katika riziki zetu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu, naye atakukumbukeni. Mshukuruni kwa neema zake, naye atakuzidishieni. Simameni kwa ajili ya swala.